Kumtafuta mhenga wa Kiskoti aliyefanya kazi kwa kabaila wa Ayalandi: mwongozo kamili

Mwenye ardhi wa Ayalandi aliacha karatasi kila alipopita: hati za mashamba, kesi, madeni, wasia. Mtu aliyemtunzia bustani, akalala katika nyumba yake na kuhama siku alipoambiwa ahame, aliacha chache sana. Akiwa Mskoti ndiyo kabisa, maana hana babu wala shangazi katika makaburi ya pale. Juu ya hayo, ghala kuu la nyaraka la Dublin, lililokuwa kwenye majengo ya Four Courts, liliteketea tarehe 30 Juni 1922, na moto ukala sensa za nusu ya kwanza ya karne ya 19, wasia za miaka mingi na vitabu vya makanisa mengi.

Ndiyo maana anayeanza kwa kuandika jina kwenye tovuti na kubonyeza kitufe cha kutafuta hukwama siku ya kwanza. Mfanyakazi wa aina hii hapatikani kwa kufukuza jina. Hupatikana kwa kumfuata mwajiri wake, kisha kufuata mahali alipozaliwa kila mtoto wake. Jina ni la kuhakikishia mwishoni.

Kwanza elewa alikuwa akifanya nini huko

Baada ya njaa kuu iliyoanza 1845, makabaila wengi walifilisika. Sheria ya 1849 ikaunda mahakama maalumu ya kuuza milki zilizolemewa na madeni. Wanunuzi wengi walikuwa wa Ayalandi hukohuko, lakini baadhi walitoka Uskoti, kama Allan Pollok wa Glasgow aliyenunua ardhi mashariki mwa kaunti ya Galway miaka ya 1850. Wamiliki, wapya kwa wa zamani, walitaka kilimo cha kisasa na mifugo mingi, na Waskoti walikuwa na sifa hiyo. Huko Donegal wachungaji wa Kiskoti waliletwa pamoja na kondoo wao, na ugomvi na wenyeji wa Gweedore ukafika hadi kwenye kamati ya Bunge mwaka 1858. Karibu na hapo, Glenveagh, msimamizi Mskoti wa John George Adair aliyeitwa James Murray aliuawa Novemba 1860, na Aprili 1861 Adair akawafukuza watu 244 kwenye ardhi yake. Kama mhenga wako alikuwa pande hizo miaka hiyo, soma ripoti za Bunge na magazeti kabla ya kitu kingine chochote: majina ya baadhi ya wachungaji hao wa kondoo yamo humo.

Upande wa bustani, Waskoti walikuwapo mapema zaidi. Ninian Niven, mzaliwa wa Glasgow, alikuja 1827. David Moore wa Dundee alifika 1828 na baadaye akaongoza bustani ya mimea ya Glasnevin, Dublin. Huyu Moore ana funzo kwa mtafutaji: alizaliwa Muir, na alipovuka bahari akaanza kuandika Moore. Anayetafuta ubatizo wa David Moore mjini Dundee atatafuta mpaka achoke.

Sasa vyeo. Kazi moja ilikuwa na jina moja Uskoti na jingine Ayalandi, na ukilitafuta jina la upande mmoja katika karatasi za upande wa pili hutapata kitu. Mnyapara wa shamba Uskoti aliandikwa *grieve*. Ayalandi huyohuyo ni *steward* au *land steward*. Wakala anayeendesha milki yote Uskoti ni *factor*. Ayalandi ni *agent*. Tahadhari zaidi na neno *herd*. Katika karatasi za Ayalandi si kundi la ng'ombe. Ni mtu aliyekabidhiwa mifugo ya bwana na kupewa nyumba, malisho kidogo na shamba la viazi. Msimamizi wa misitu unaweza kumkuta kama *forester* au *wood ranger*. *Gamekeeper*, mlinzi wa ndege na wanyama wa kuwindwa na bwana, anaitwa hivyo pande zote mbili, na ndiye rahisi kuliko wote kumpata, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Cheo hukwambia pia utafute daftari gani. Kibarua alilipwa kwa wiki. Mkuu wa bustani na mnyapara walilipwa kwa mwaka au nusu mwaka, pamoja na nyumba, kuni au makaa, na maziwa.

Hatua ya kwanza: sensa za 1901 na 1911

Hizi mbili ndizo sensa kamili za kabla ya 1922 zilizosalia. Za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote. Za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Zilizosalia zimewekwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi, na picha za fomu zenyewe zimo. Ya kwanza ni ya usiku wa 31 Machi 1901, ya pili ni ya 2 Aprili 1911.

Usianze na jina la ukoo. Chagua kaunti, weka mahali pa kuzaliwa *Scotland*, kisha kazi. Ukipata watu 30, pitia mmoja mmoja. Kama unajua jumba lakini hujui mtu, ingia kwa njia ya mahali: kaunti, kata, halafu *townland*, ambayo ni sawa na kitongoji chetu. Vitongoji vya Ayalandi ni zaidi ya 60,000 na majina hurudiwa sana, kwa hiyo andika kila mara kitongoji pamoja na parokia na kaunti yake.

Watu wengi husoma Fomu A yenye majina ya wanakaya na kuishia hapo. Fungua Fomu B1 pia. Hiyo ni orodha ya nyumba zote za kitongoji, na safu yake ya mwisho inataja mwenye ardhi ambaye nyumba imesimama juu ya ardhi yake. Mskoti wako akiwa kwenye nyumba ya langoni, jina la kabaila liko palepale kwenye mstari wake. Ukishalipata, kazi imepata mguu wa pili wa kusimamia.

Usiruke nyumba zenye vijana watupu. Katika bustani kubwa, wanagenzi na vijana waliohitimu waliishi pamoja katika nyumba ya wasiooa iliyojengwa nyuma ya ukuta wa bustani. Katika sensa huonekana kama kaya ya wanaume wanne au watano wenye majina tofauti, wawili wamezaliwa Uskoti, mmoja Uingereza.

Kwa mtu aliyezaliwa nje, fomu ilidai nchi tu. Mara chache karani au mwenye nyumba aliongeza kaunti, kama Perthshire au Ayrshire. Ndiyo sababu ya kufungua picha halisi hata kama nakala iliyochapwa inaonekana kutosheleza: wachapaji waliacha maneno ya ziada. Umri nao usiuamini mno. Pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa 1 Januari 1909, na kati ya sensa mbili hizi kuna watu walioongezeka miaka 14 ndani ya miaka 10.

Fomu ya 1911 ina zawadi moja: mke ameulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Toa miaka hiyo kwenye 1911, utapata mwaka wa ndoa, pungufu au zaidi kwa mmoja.

Hatua ya pili: watoto wakuchoree ramani

Tuchukue mfano wa kubuni. Sensa ya 1901, kaunti ya Tipperary: Robert, mtunza bustani, miaka 46, Mpresbiteri, amezaliwa Uskoti. Mke miaka 40, amezaliwa Cork. Mtoto wa kwanza miaka 15, Wicklow. Wa pili miaka 12, Kildare. Wa tatu miaka 8, Tipperary. Hapo tayari una milki tatu: alikuwa Wicklow kufikia 1885 au 1886, Kildare kufikia 1889, Tipperary tangu karibu 1893.

Sasa chukua hati za kuzaliwa za watoto wote, si ya mhenga wako peke yake. Usajili wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa 1 Aprili 1845. Picha za vitabu ziko bure kwenye irishgenealogy.ie: vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya miaka 75, vifo vya zaidi ya miaka 50. Kwa kaunti sita za Ayalandi Kaskazini, tovuti hiyo inaishia 1921. Vya baadaye viko kwa msajili mkuu wa Belfast, kwa malipo.

Katika hati ya kuzaliwa, tazama safu ya makazi ya baba. Mara nyingi imeandikwa kitongoji chenye jina la jumba lenyewe, au neno *gardens*, au *lodge*. Hapo ndipo milki inapojitaja. Wilaya za usajili zilifuata mji wa soko na zilivuka mipaka ya kaunti: wilaya ya Baltinglass, kwa mfano, iligusa Wicklow, Carlow na Kildare. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Wicklow akikosekana chini ya Rathdrum, usikate tamaa kabla hujatazama Baltinglass na Shillelagh. Tarehe ya kuzaliwa nayo inaweza kuwa imesogezwa mbele, maana aliyechelewa kusajili alitozwa faini na wazazi walijua kuhesabu.

Ndoa ya Robert itafutwe wapi? Desturi ilikuwa kuoana katika parokia ya bibi harusi, na wengi watakimbilia Cork. Lakini msichana wa Cork aliyeolewa na mtunza bustani wa Wicklow huenda alikuwa mtumishi wa ndani katika jumba hilohilo. Tafuta wilaya ya jumba kwanza, Cork baadaye. Hati ya ndoa itakupa kitu kinachokupeleka Uskoti: jina la baba wa bwana harusi na kazi yake. Haitakupa jina la mama. Umri pengine umeandikwa *full age*, maana yake tu kwamba ametimiza miaka 21.

Hati ya kifo ya Ayalandi ni maskini: jina, umri, kazi, sababu, aliyetoa taarifa. Wazazi hawatajwi. Usiilipie fedha nyingi ukitegemea mengi.

Kanisa lake, au kanisa lililokuwa karibu

Mskoti wa kawaida alikuwa Mpresbiteri. Wasomaji wa Kenya waliolelewa PCEA wanaufahamu mfumo huu, maana mizizi ya kanisa lao ni misheni ya Kanisa la Uskoti: mchungaji, wazee, na baraza la wazee linaloandika kila kitu. Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ayalandi, kulikuwa na makanisa ya Kipresbiteri kila upande. Vitabu vingi bado viko kwa makanisa yenyewe, na nakala nyingi ziko PRONI, hifadhi ya taifa ya Belfast.

Nje ya Ulster hali ni nyingine. Kanisa la Kipresbiteri la karibu lingeweza kuwa mwendo wa saa nyingi kwa gari la farasi, wakati la Kianglikana liko langoni mwa jumba na bwana mwenyewe anakaa kiti cha mbele. Familia nyingi zilibatiza watoto hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Mpresbiteri katika sensa ya 1901 na watoto wake wawe katika kitabu cha Kianglikana. Vitabu vya Kianglikana vilivyosalia vitafute kupitia RCB Library ya Dublin, maktaba ya kanisa hilo, yenye orodha ya kila parokia ikionyesha kilichopo na kilichoungua. Akioa Mkatoliki, tazama vitabu vya Kikatoliki, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka picha zake bure mtandaoni. Na kama mwenyewe ni Mkatoliki aliyezaliwa Uskoti, usidhani umekosea mtu. Sehemu za nyanda za juu na visiwa vya Uskoti hazikuacha Ukatoliki kamwe.

Onyo kwa Ulster: jina la Kiskoti pamoja na Upresbiteri havithibitishi chochote. Walowezi wa Kiskoti walianza kumiminika huko mwanzoni mwa karne ya 17. Mhenga wako anaweza kuwa Mayalandi wa kizazi cha nane. Unahitaji karatasi inayosema amezaliwa Uskoti.

Kabla ya 1901: vitabu vya uthamini

Uthamini wa Griffith, yaani ukadiriaji wa thamani ya ardhi na nyumba za Ayalandi yote, ulichapishwa kati ya 1847 na 1864, na unapatikana bure kwenye askaboutireland.ie pamoja na ramani. Unataja anayekalia kila kipande cha ardhi na anayempangisha. Hapa ndipo wengi hukosea: hawamkuti mhenga, wanahitimisha kwamba hakuwapo. Nyumba ya mnyapara au ya langoni ikiwa ndani ya ardhi ya jumba, mara nyingi imejumlishwa kwenye mstari wa kabaila: nyumba, mabanda, nyumba ya langoni na ardhi. Mkazi hatajwi.

Usitafute jina lake basi. Tafuta kitongoji cha jumba, tazama ramani, hesabu nyumba ndogo. Kisha linganisha na ramani za upimaji za inchi sita kwa maili, ambamo ardhi ya jumba imetiwa kivuli na bustani ya ukuta, nyumba za malango na banda la mbwa vimechorwa. Utajua ni nyumba zipi zilikuwapo za kukaliwa na wafanyakazi.

Vitabu vya marekebisho vilivyofuata Griffith vina faida zaidi. Kila mabadiliko ya mkazi yaliandikwa kwa wino wa rangi tofauti na mwaka pembeni. Mchungaji wa kondoo aliyepewa nyumba nje ya ukuta wa jumba anaweza kutokea hapo akiingia 1868 na kufutwa 1875. Vya kaunti sita za kaskazini viko bure kwenye tovuti ya PRONI. Vya kusini viko Dublin. Mwaka mmoja au miwili ya kuchelewa ni kawaida, maana mkaguzi alipita baada ya mtu kuhama.

Karatasi za kabaila mwenyewe

Hapa ndipo penye nyama, na ndipo watu wachache hufika kwa sababu hakuna faharasa ya majina.

Anza kwa kumjua kabaila. Orodha ya serikali ya wamiliki wa ardhi ya 1876 inataja kila mwenye ekari moja na zaidi. Kwa majimbo ya Connacht (magharibi) na Munster (kusini) kuna hifadhidata ya landedestates.ie ya Chuo Kikuu cha Galway, ambayo huonyesha familia, majumba yao na mahali karatasi zilipo. Kisha tafuta jina la familia, si la mhenga, katika katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Dublin, ya PRONI, ya hifadhi ya kaunti husika, na katika katalogi ya Discovery ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Hii ya mwisho husahaulika. Makabaila wengi walikuwa na makao makuu Uingereza na karatasi zikabaki huko: za Fitzwilliam, waliokuwa na milki kubwa Wicklow, ziko sehemu Dublin na sehemu Sheffield.

Ukiambiwa jumba lilichomwa, usifunge faili. Majumba zaidi ya 200 yaliteketezwa kati ya 1920 na 1923, lakini ofisi ya milki mara nyingi ilikuwa jengo lingine, na wakala au mwanasheria wa Dublin alikuwa na nakala zake.

Ukifika kwenye katalogi utakuta maneno ya aina nne au tano. Daftari la kodi ndilo la kwanza kutajwa na ndilo lisilokufaa: lina wapangaji, na mfanyakazi aliyepewa nyumba kama sehemu ya mshahara hakuwa mpangaji. Daftari la vibarua lina majina ya wiki kwa wiki na siku walizofanya kazi, lakini humo wamo wenyeji zaidi. Mskoti wa cheo mtafute katika hesabu za jumla, chini ya mishahara ya mwaka, na katika mafurushi ya stakabadhi. Stakabadhi ina saini yake. Ukiwa na saini ya ndoa na saini ya stakabadhi, unaweza kuziweka sambamba na kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.

Kitabu cha nakala za barua za wakala ndicho bora kuliko vyote. Kabla ya kumwajiri mtu kutoka mbali, wakala aliandika kwa mwajiri wake wa awali kuuliza tabia yake: ni mlevi? ana watoto wangapi? anajua mashine? Barua hiyo inataja milki ya Uskoti alikotoka, na ukiipata umeruka hatua tatu za kazi. Vitabu hivi huwa na faharasa mwanzoni, lakini ni ya majina ya walioandikiwa barua, si ya waliozungumziwa. Itakubidi usome. Punguza mzigo kwa kujua miezi. Uskoti mikataba ya kazi ilianza na kuisha Mei na Novemba, kwa hiyo soma barua za miezi mitatu kabla ya kila msimu, katika mwaka ambao ramani ya watoto inaonyesha alihama.

Kabla ya kusafiri, tuma barua pepe kwa hifadhi ukiwa na namba kamili za mafaili. Baadhi ya makusanyo yanatunzwa nje ya jengo na huletwa kwa miadi. Kadi ya msomaji ni bure Dublin na Belfast; beba kitambulisho.

Mahakama, mbwa na magazeti

Mlinzi wa mawindo alichukiwa na majangili, na chuki hiyo inakusaidia leo. Kila alipomkamata mtu na sungura, alikwenda mahakama ndogo ya mahakimu kama mlalamikaji. Madaftari ya mahakama hizo, mengi yakianzia miaka ya 1850, yamewekwa kwenye tovuti ya Findmypast kwa malipo. Tafuta jina lake kama mlalamikaji au shahidi, si mshtakiwa tu. Mlinzi mmoja anaweza kutokea mara 40 katika mahakama moja kwa miaka 6, kisha akatoweka. Mwezi aliotoweka ndio aliohama.

Leseni za mbwa zilianza 1866. Madaftari yake yana jina, kitongoji na aina ya mbwa, nayo yako Findmypast pia. Mchungaji wa kondoo bila mbwa hayuko, kwa hiyo hapa utampata hata yule aliyekosekana kwa Griffith.

Kwa watunza bustani kuna jarida la *Gardeners' Chronicle*, lililoanza 1841, ambalo lilichapa matangazo ya wanaotafuta kazi na habari za uteuzi na vifo. Matoleo mengi ya zamani yamewekwa mtandaoni bure. Katika magazeti ya kawaida tafuta jina la jumba pamoja na neno *Scotch*. Ndivyo walivyoandika wakati huo, na neno *Scottish* litakuletea matokeo machache.

Wasia zenyewe za kabla ya 1900 ziliungua kwa wingi, lakini muhtasari wa kila mwaka tangu 1858 ulisalia na uko mtandaoni. Unataja kazi, mahali, tarehe ya kifo na nani aliyepewa dhamana. Ndugu aliyebaki Uskoti akitajwa hapo na anwani yake, umevuka bahari kwa mstari mmoja.

Kuvuka kwenda Uskoti

Usivuke mpaka uwe na angalau vitu vitatu kati ya hivi: mwaka wa kuzaliwa kwa kukadiria, jina la baba, kazi ya baba, kaunti ya asili, jina la ndugu. Ukivuka na jina na umri tu, ScotlandsPeople itakupa akina Robert Stewart 60 na utamchagua unayempenda.

ScotlandsPeople ndiyo tovuti rasmi ya kumbukumbu za Uskoti. Kutafuta katika faharasa ni bure ukishajiandikisha. Picha hununuliwa kwa pointi. Usajili wa serikali Uskoti ulianza 1 Januari 1855. Kabla ya hapo ni vitabu vya parokia vya Kanisa la Uskoti, na hivyo vina mapengo, hasa baada ya 1843 ambapo kanisa lilipasuka na familia nyingi zikahamia kanisa jipya la Free Church. Robert wetu wa miaka 46 usiku wa 31 Machi 1901 alizaliwa kati ya Aprili 1854 na Machi 1855, ikiwa umri ni sahihi. Yaani anaangukia pande zote mbili za mpaka, na ni lazima utafute katika vitabu vya aina zote mbili.

Utajiri wa Uskoti uko katika hati za vifo na ndoa. Zinataja baba na mama, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Mhenga aliyefia Ayalandi hana hati hiyo, lakini kaka yake aliyebaki Uskoti anayo. Mtafute kaka. Watoto waliozaliwa Uskoti 1855, na tena tangu 1861, hati zao zinataja tarehe na mahali wazazi walipooana. Kwa hiyo kama familia ilirudi Uskoti na kuzaa mtoto mmoja tu huko, hati ya huyo mtoto inaweza kukutajia ndoa ya Ayalandi. Sensa za Uskoti, zilizo wazi tangu 1841 hadi 1921, zitafutwe pia kwa kinyume: kaya ya mlinzi wa mawindo huko Perthshire yenye watoto wawili wa katikati waliozaliwa Ayalandi ni ya mtu aliyekwenda na kurudi.

Zipo pia kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa. Aliyehama parokia alipewa cheti cha mwenendo mwema, na utoaji wake uliandikwa mara nyingine. Picha zake ziko ScotlandsPeople, bila faharasa ya majina. Unapitia ukurasa kwa ukurasa. Karatasi za makabaila wa Uskoti ziko kwa wingi katika Hifadhi ya Taifa ya Edinburgh, katika makusanyo yenye alama GD, kama GD112 ya Breadalbane na GD224 ya Buccleuch.

Mwanamke wa Kiskoti huandikwa kwa jina la baba yake hata baada ya kuolewa, hasa kwenye jiwe la kaburi. Ayalandi mara nyingi huandikwa kwa jina la mume. Ukikuta kaburi lenye mume na mke wa majina tofauti katika uwanja wa kanisa la Kianglikana huko Mayo, huenda umemkuta Mskoti.

Desturi ya majina nayo inasaidia: mtoto wa kwanza wa kiume kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama; wa kwanza wa kike kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba. Itumie kupanga foleni ya wa kuchunguzwa kwanza. Isitumike kama ushahidi, kwani familia nyingi ziliivunja pale mtoto wa kwanza alipopewa jina la bwana au bibi wa jumba.

Mchujo

Orodhesha wote waliobatizwa au kusajiliwa kwa jina hilo ndani ya miaka mitano kabla na baada ya mwaka uliokadiria. Kisha uwaondoe mmoja mmoja: aliyekufa mtoto, aliyeolea Uskoti, aliyemo katika sensa ya Uskoti mwaka ambao mhenga wako tayari yuko Wicklow. Andika sababu ya kila uliyemwondoa, na namba ya hati. Wakibaki wawili, tofautisha kwa kazi ya baba: mtoto wa miaka 6 katika sensa ya 1861 anayeishi kwa mlinzi wa mawindo aitwaye James ana uzito kuliko wa fundi viatu, ikiwa hati ya ndoa inasema baba ni James, mlinzi wa mawindo. Mwaka 1871 mtafute akiwa mwanagenzi. Akikosekana 1881, tazama sensa ya Uingereza kabla ya kudhani alishafika Ayalandi; watunza bustani wengi walipitia bustani moja au mbili za huko, na mke wa kwanza ambaye hukujua alikuwapo huenda amezikwa Shropshire.